Kimweri na Wanawe

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Lesoni ya Juma Hili: Mwa. 18:19, Kum. 6:4–9, Amu. 8:29–9:6, 1 Sam. 2:12–25, 1 Sam. 8:1–5, 1 Fal. 1:5, 6, Kol. 3:21, Mal. 4:5, 6.

Fungu la Kukariri: Waefeso 6:4.

Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto hupanda milima ya Usambara kwa kona nyingi hadi Soni. Si mbali na hapo ndipo ulipo Vugha, mji uliokuwa makao ya wafalme wa Washambaa kabla ya ujio wa Wajerumani. Kwa miaka mingi ya karne ya 19, aliyeketi Vugha alikuwa Kimweri ye Nyumbai, jina ambalo kwa Kiswahili ni Kimweri wa nyumbani. Enzi yake ilitoka milimani ikashuka hadi pwani ya Bahari ya Hindi. Wageni waliofika kwake waliona nchi yenye utulivu, na wazee wa Usambara waliukumbuka wakati wake kuwa wakati wa mvua na chakula.

Kimweri alifariki mwaka 1862. Haikupita miaka kumi kabla Vugha haijateketezwa kwa moto. Waliouteketeza hawakuwa maadui kutoka nchi ya mbali, maana aliyeongoza vita hiyo alikuwa Semboja, mwana wa Kimweri mwenyewe, na aliyefukuzwa kwenye kiti cha enzi alikuwa Shekulwavu, mjukuu wa Kimweri.

Lesoni ya juma hili inaangalia maisha ya mfalme huyu kama baba. Inachunguza jinsi nyumba kubwa, yenye mali na heshima, ilivyoweza kulea watoto waliomtii baba yao lakini wasiweze kuishi pamoja baada yake. Maandiko yana nyumba kadhaa za namna hiyo, na Mungu aliziacha ziandikwe ili wazazi wa kila kizazi wajifunze.

Jifunze lesoni ya juma hili kwa ajili ya Sabato ijayo.

JUMAPILI
Mtoto Aliyekataliwa na Ndugu Zake

Soma Waamuzi 11:1–11. Ndugu zake Yeftha walimtendea nini, na kwa sababu gani?

Ukoo wa Kimweri uliitwa Wakilindi. Washambaa husimulia kwamba mwanzilishi wake alikuwa Mbegha, mwindaji wa nguruwe mwitu kutoka milima ya Nguu. Kwa mujibu wa masimulizi hayo, Mbegha alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini, na jambo hilo lilihesabiwa kuwa mkosi. Wazazi wake walipofariki, ndugu zake walimnyima urithi na kumfukuza. Alitangatanga na mbwa wake porini, akafika Usambara, akagawa nyama kwa wenyeji, akaua simba aliyewasumbua, nao wakamfanya mtawala wao. Masimulizi haya yalihifadhiwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy katika kitabu cha Habari za Wakilindi, ambacho kilianza kuchapishwa Magila mwaka 1895.

Baada ya Mbegha alitawala mwanawe Bughe, kisha Kinyashi mwana wa Bughe, kisha Kimweri mwana wa Kinyashi. Mfalme wa Vugha aliitwa Simba Mwene, kwa kumbukumbu ya simba yule wa Mbegha. Watu waliamini kwamba mfalme mwenye nguvu aliiponya nchi, na kwamba mvua ilinyesha kwa uwezo wake. Msomaji wa Biblia anajua mvua inatoka kwa nani (Mt. 5:45). Hata hivyo imani hiyo inaonyesha jinsi macho ya watu wote yalivyokuwa juu ya mtu mmoja.

Ukoo huu ulianza kwa jeraha la nyumbani. Mtoto mmoja alitengwa na wenzake kwa kosa ambalo hakulitenda, naye akaenda kujenga heshima yake ugenini. Jambo hili linafanana na habari za Yeftha, aliyefukuzwa na ndugu zake kwa ajili ya mama yake, kisha wazee wa Gileadi wakamfuata wakati wa shida. Wakilindi waliisimulia habari ya Mbegha kizazi hadi kizazi kama habari ya ushindi. Katika kizazi cha wana wa Kimweri, ugomvi wa ndugu kwa ndugu ulirudi, na safari hii uligusa nchi nzima.

Fikiri: Katika familia yako au kanisa lako, kuna mtoto anayetazamwa kwa jicho baya kwa sababu ya jinsi alivyozaliwa? Ni nani anayesimama upande wake?

JUMATATU
Baba wa Wana Wengi

Soma Waamuzi 8:29–9:6. Abimeleki alikwenda kwa nani kwanza alipotaka kutawala?

Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipanda kwenda kumwona Kimweri mwaka 1848, akarudi tena mwaka 1852. Mwaka 1857 walifika Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, wakamkuta mfalme amekuwa mzee na mgonjwa. Kimweri alitumaini kwamba wageni hao walikuwa na dawa ya kumrudishia nguvu. Burton aliandika kwamba mfalme alisemekana kuwa na wake wapatao 300, na wana wa kiume kati ya 80 na 90. Hata kama hesabu hiyo ilitiwa chumvi, nyumba ya Kimweri ilikuwa kubwa mno kwa baba mmoja kuwajua wanawe kwa karibu.

Katika nyumba ya namna hiyo, kila mke alikuwa na nyumba yake, na mtoto alikulia kwa mama yake. Watu wake wa karibu walikuwa mama, ndugu wa tumbo moja na wajomba. Alipokua, baba alimpa sehemu ya nchi aitawale, na mara nyingi wajomba ndio waliomshika mkono. Mrithi wa kiti cha enzi alipelekwa kutawala Bumbuli. Kwa njia hiyo milima, mabonde na nchi ya Wabondei iliyo kati ya milima na pwani viliwekwa chini ya wana wa mfalme.

Kama utaratibu wa kutawala, ulifaa. Kila mtawala alikuwa mwana wa Kimweri, na mwana humheshimu baba yake. Lakini watoto wa mama mbalimbali hawakuwa na meza moja iliyowakutanisha. Kila mmoja alikuwa na watu wake, ghala lake na wajomba zake.

Gideoni naye alikuwa na wana 70, kwa maana alikuwa na wake wengi. Alikuwa mtu aliyeitwa na Mungu, na nchi ilistarehe miaka 40 katika siku zake. Alipokufa, Abimeleki, mwana wa suria wake wa Shekemu, alikwenda kwa ndugu za mama yake, akapata fedha na watu, akawaua ndugu zake juu ya jiwe moja. Amani ya Gideoni ilikuwa ya kweli, ila haikuwa imeingia katika mioyo ya wanawe.

Fikiri: Leo baba anaweza kuwa na mke mmoja na watoto watatu tu, na bado asiwajue. Ni mambo gani yanayomweka mzazi wa siku hizi mbali na watoto wake, ingawa wanalala chini ya paa moja?

JUMANNE
Utii wa Namna Gani?

Soma Waefeso 6:1–4 na Wakolosai 3:20, 21. Paulo anawapa watoto wajibu gani, na anawawekea akina baba mpaka gani?

Katika miaka ya 1960, mwanasaikolojia wa Marekani Diana Baumrind alichunguza jinsi wazazi wanavyolea, akaeleza mitindo mitatu. Wa kwanza ni wa amri: mzazi anadai utii, hatoi sababu, na ukaribu ni mdogo. Wa pili ni wa kuachia: mzazi ana upendo, lakini hawekei watoto mipaka. Wa tatu ni wa kuongoza: mzazi ana mipaka iliyo wazi, anaisimamia, na wakati huohuo anamsikiliza mtoto na kumweleza sababu. Mwaka 1983 watafiti Eleanor Maccoby na John Martin waliongeza mtindo wa nne, wa kutojali, ambao hauna mipaka wala ukaribu. Uchunguzi mwingi uliofuata umeonyesha kwamba watoto waliolelewa kwa mtindo wa kuongoza mara nyingi huweza kujitawala vizuri zaidi wanapokuwa peke yao.

Tofauti hiyo ya kujitawala ndiyo inayoonekana Vugha. Wana wa Kimweri walimtii baba yao maisha yake yote. Walimletea kodi, na hakuna aliyetwaa kiti chake. Lakini utii huo ulifungwa kwenye mtu mmoja aliyekuwa hai. Kila mwana alijua nafasi yake mbele ya baba, wala hakujifunza nafasi yake mbele ya ndugu. Waliamini pia kwamba nguvu ikikutana na nguvu, nchi huharibika, na kwamba mfalme mmoja akiwazidi wengine wote, nchi hupona. Kwa fikra hiyo, amani ni kazi ya mwenye nguvu kuliko wote. Huyo akiondoka, hakuna kinachobaki cha kuwashika waliosalia.

Paulo anafundisha njia nyingine. Anawaambia watoto watii, kisha hapohapo anawageukia akina baba na kuwazuia wasiwachokoze watoto wao hata wakakata tamaa. Malezi anayoyataka ni ya Bwana. Mtoto anayefundishwa hivyo hujifunza kumtii Mungu ambaye hafi, na utii wake hauzikwi pamoja na baba yake.

Ndivyo Mungu alivyosema juu ya Ibrahimu katika Mwanzo 18:19. Alimjua kuwa mtu atakayewaelekeza watoto wake na nyumba yake baada yake waishike njia ya Bwana. Kazi ya mzazi hupimwa hasa na yale yanayofuata akiwa hayupo.

Fikiri: Watoto wako wanafanya nini wakijua kwamba hutarudi nyumbani mapema? Jibu hilo linakuambia nini juu ya mtindo wako wa malezi?

JUMATANO
Semboja wa Mazinde

Soma 1 Wafalme 1:5, 6 na 1 Samweli 2:12–25. Daudi na Eli walifanana katika jambo gani?

Chini ya ukuta wa magharibi wa milima ya Usambara, katika nyika, ndipo ilipo Mazinde. Huko aliweka makao Semboja, mmoja wa wana wa Kimweri. Baba alikaa juu kwenye ukungu na migomba. Mwana alikaa chini, mahali ambapo misafara ya kwenda na kutoka pwani ilipita na pembe za ndovu na watumwa. Biashara hiyo ilimletea Semboja nguo, baruti na bunduki.

Kimweri alizeeka katika miaka hiyohiyo. Nguvu za mtawala wa Usambara zilikuwa zimetegemea watu wa milimani na kodi yao. Sasa nguvu ya aina mpya ilikuwa ikikusanywa nyikani, mikononi mwa mwana mmoja, na utajiri wake ulitokana kwa sehemu na kuuzwa kwa watoto wa watu wengine. Mfalme mzee hakuizuia.

Kisha msiba ukaja ndani ya nyumba. Mshuza, mwana mkubwa wa Kimweri na mrithi wake, alifariki kabla ya baba yake. Urithi ukamwendea kijana Shekulwavu, mwana wa Mshuza. Uamuzi huo ulizaa tatizo ambalo halikuwahi kuwapo zamani za Kimweri. Zamani watawala wa nchi walikuwa wana wa mfalme. Sasa mfalme angekuwa kijana, na watawala walio chini yake wangekuwa baba zake wadogo. Ni nani kati yao angempelekea kodi mtoto wa kaka yake kwa moyo mweupe?

Biblia inasema kwamba Daudi hakuwahi kumuudhi Adoniya kwa kumuuliza sababu ya matendo yake. Adoniya alijipatia magari na wapanda farasi, na baba yake alinyamaza. Eli aliwaonya wanawe kwa maneno alipokwisha kuwa mzee sana, lakini hakuwazuia (1 Sam. 3:13). Samweli, ambaye aliyaona ya Eli kwa macho yake tangu utoto, aliwaweka wanawe Yoeli na Abiya kuwa waamuzi, nao wakapokea rushwa. Hata watu wa Mungu walichelewa kuuliza. Swali la mapema humwokoa mtoto, na baada ya miaka mingi swali hilohilo huwa tangazo la vita.

Fikiri: Je, mtoto wako amepata kitu nyumbani kwako, simu, fedha au marafiki wapya, ambacho hujawahi kumuuliza kilikotoka? Unaogopa nini kuuliza?

ALHAMISI
Moto wa Vugha

Soma 2 Samweli 15:1–14 na Wagalatia 5:15. Ugomvi wa ndani ya nyumba ya Daudi uliwagharimu nini watu wasiohusika nao?

Kimweri alipofariki mwaka 1862, Shekulwavu alisimikwa Vugha. Kwa muda mfupi nchi ilitulia. Kisha Semboja na mfalme kijana wakakosana, na kila upande ukatafuta wasaidizi. Semboja alikuwa na bunduki na aliwaita wapiganaji kutoka nje ya Usambara. Vugha ulichomwa moto, Shekulwavu akakimbia, na baada ya muda mfupi akafariki. Semboja alibaki Mazinde penye biashara yake, akamweka kwenye kiti cha enzi mwanawe mwenyewe, ambaye aliitwa Kimweri Maguvu. Jina la babu lilirudi Vugha, lakini amani ya babu haikurudi.

Ndugu za Shekulwavu waliendeleza vita kutoka upande wa mashariki wa milima. Wabondei waliwaasi watawala wao wa Kilindi katika machafuko yaliyoitwa Kiva, ambayo ndani yake wengi wa Wakilindi waliuawa na wengine wakauzwa utumwani. Kila upande uliteka watu wa upande mwingine. Mateka walishushwa pwani, wakauzwa Pangani na kwingineko, wakaishia kwenye mashamba ya pwani na ya visiwa. Mama aliyekuwa akilima shamba lake la migomba hakuwa na ugomvi wowote na nyumba ya Kimweri. Hata hivyo mtoto wake ndiye aliyelipa deni la nyumba hiyo.

Vita hiyo ilichosha nchi mpaka Wajerumani walipofika. Mwaka 1895 Semboja alifariki, na mwaka huohuo Wajerumani walimnyonga mwanawe Mputa, aliyekuwa akitawala Vugha. Tangu kifo cha mfalme mzee ilikuwa imepita miaka 33 tu.

Mwaka 1903, Waadventista Wasabato wa kwanza kufanya kazi katika nchi ambayo leo ni Tanzania walianza kazi yao Giti, katika milima ya Upare, jirani na Usambara. Injili ilifika katika eneo ambalo lilikuwa limetoka karibuni tu kwenye vita vya ndugu. Neno la Mungu aliye Baba wa wote, anayewapatanisha ndugu, halikuwa neno jepesi kwa watu wa milima hiyo.

Fikiri: Wazazi wanapokosana, au watoto wanapogombea shamba la marehemu baba yao, ni akina nani nje ya nyumba hiyo wanaoumia? Taja mifano bila kutaja majina.

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma sura inayohusu Eli na wanawe katika kitabu cha Ellen G. White, Wazee na Manabii. Kisha soma tena Kumbukumbu la Torati 6:4–9.

Maisha ya Kimweri hayasimuliwi ili kumhukumu. Kwa vipimo vya wakati wake alikuwa mtawala mwenye busara, na wageni aliwapokea vizuri. Aliwapa wanawe nchi, cheo na jina kubwa. Wazazi wengi wangependa kuwapa watoto wao hata robo ya hayo, na wengi wanajinyima sana ili walipe ada na kuwaachia nyumba ya matofali. Lakini wana wa Kimweri walikosa kitu ambacho urithi hauwezi kununua, nacho ni kuzoeana, kuonywa na kusameheana wakiwa bado wadogo.

Musa anaeleza mahali ambapo kitu hicho hupatikana. Maneno ya Mungu yawe kwanza moyoni mwa mzazi, kisha yazungumzwe na watoto nyumbani, njiani, wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Kazi hiyo haihitaji ufalme. Inahitaji mzazi aliyepo, ibada ya asubuhi na jioni ambayo watoto wote hukaa pamoja, na siku ya Sabato ambayo baba ameacha biashara yake na ana nafasi ya kusikiliza.

Katika Malaki 4:5, 6 Mungu anaahidi kwamba kabla ya siku kuu ya Bwana mioyo ya baba itageuzwa kuwaelekea watoto, na mioyo ya watoto kuwaelekea baba zao. Kanisa linaloutangaza ujumbe wa Eliya kwa ulimwengu linapaswa kuanza kuutii sebuleni. Kwa mzazi ambaye watoto wake wamekwisha kuwa wakubwa na hawasemezani, ahadi hiyo bado iko wazi. Mungu ndiye anayegeuza mioyo, na mzazi anaweza kuanza kwa kuwaita watoto wake na kuomba pamoja nao.

Maswali ya Kujadili:

1. Linganisheni nyumba ya Gideoni na nyumba ya Kimweri. Ni wapi zinafanana, na ni wapi zinatofautiana?

2. Baadhi ya wazazi husema kwamba kumweleza mtoto sababu ya amri ni kumdekeza. Maandiko mliyosoma juma hili yanajibu nini?

3. Mzazi anayefanya kazi mbali na nyumbani, mjini au nje ya nchi, anawezaje kuwalea watoto katika malezi ya Bwana? Kanisa linaweza kumsaidiaje?

4. Katika kanisa lenu kuna ndugu wasiosalimiana kwa sababu ya urithi? Ombeni pamoja, kisha panga na kikundi chako hatua moja ya upatanisho mtakayoichukua kabla ya Sabato nyingine.